Mwandishi Aliyeijua Nyumba Yetu

9 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo. Sisi huku wazima. Maabara yetu imehamishiwa jengo jipya ambalo madirisha hayafunguki, tunapima maji ya mji mzima huku wenyewe tukiloa jasho. Mwanangu ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi kwenye kila neno lenye herufi s. Dawa ya macho ya mama nimeituma. Mwambie ni matone mawili asubuhi, asiongeze kwa haraka ya kupona.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na nakuomba ulisome umekaa.

Unajua mimi na hadithi zangu za nyota na mitambo, zile ulizokuwa ukiniambia zitanipofusha kabla ya mama. Wiki iliyopita wapenzi wa hadithi hizo walifanya kongamano hapa kwa siku tatu, nikaomba likizo. Ilikuwa raha. Unavikwa kitambulisho shingoni, unapewa ratiba, unahama chumba hadi chumba. Kulikuwa na jopo la watu wanne waliobishana saa nzima kama roboti anaweza kurithi shamba, na mmoja alikasirika kweli, utadhani shamba lilikuwa lake. Nilipiga foleni nyuma ya mtu mwenye mikono minne, miwili ya kadibodi.

Siku ya pili niliingia chumba kidogo cha ghorofani ambako mwandishi mmoja alikuwa akisoma kazi yake. Jina lake la kuandikia ni Mawimbi. Hadithi ni ya chombo kilichokwenda mbali kupita nyota zinazojulikana, na sauti ya mtoto aliye ndani yake inasikika katika redio moja tu duniani, kwenye karakana ya fundi.

Mjomba, karakana ile ni yako. Mlango umepakwa rangi ya buluu kwa nje na kwa ndani ni mbao tupu kwa sababu rangi iliisha. Fundi anapima redio kwa kulaza sikio juu yake na kufumba macho. Dada yake anashona dirishani. Chini ya meza ya kushonea hulala mtoto ambaye vifungo anaviita macho.

Mtoto huyo ni kaka yangu. Alikufa nikiwa na miaka mitano, na nijuavyo, hakuna aliyejua habari ya vifungo ila mama, wewe na mimi.

Wakati wa maswali nilinyoosha mkono. Nikauliza, "Hilo la vifungo kuitwa macho umelipata wapi?"

Akajibu, "Nilipewa na mtoto mmoja." Kisha akanitazama usoni, akafunga kitabu na kutoka kwa mlango wa pembeni, wakati ratiba ilikuwa bado ina dakika ishirini.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nani amekuwa akitoa habari za nyumba yetu? Jirani? Wateja wako? Au ni wewe ulimsimulia mtu ukasahau? Nijibu upesi.

Mpwa wako,
Mdadisi

30 Agosti

Mwanangu Mdadisi,

Marahaba. Barua yako imefika na dawa imefika. Mama yako anaweka matone mawili mbele yangu, nikigeuka sijui anaweka mangapi. Mvua imepata njia kwenye kona ya karakana, nimehamisha redio za watu kwenye rafu ya juu. Mwambie mjukuu wangu kwamba mimi nilipoteza mawili ya mbele kwa mpigo na bado nilipata kazi.

Kama kawaida nilimsomea mama yako barua. Ukurasa wa kwanza wote nilimsomea. Wa pili nilimwambia ni salamu za watu wa kazini kwako asiowajua. Tafadhali usimwandikie habari hii, wala usimtume mtu amwambie. Macho yake yanahitaji utulivu.

Kuhusu jambo lako, dunia ina karakana nyingi na milango mingi iliyoishiwa rangi. Mafundi wote tunalaza sikio. Watoto wote wana maneno yao. Watu wanaovaa mikono ya kadibodi wakiwa na akili zao si watu wa kuwachukulia maneno. Mwanamke huyo muache na hadithi zake. Usimfuate, usimuulize kitu kingine. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kula vizuri. Msalimie mumeo.

Mjomba wako,
Fundi

17 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, mluzi unaendelea.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Nakumbuka vizuri nilivyoandika. Niliandika "mwandishi". Sikusema ni mwanamke, sikusema ni mwanamume, na jina Mawimbi halisemi.

Ni kweli ni mwanamke. Wewe umejuaje?

Mpwa wako

5 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Wiki saba sasa sijapata neno lako. Posta haina kosa, maana barua ya mama imefika, ameandikiwa na jirani. Anauliza nimekuandikia nini hata ukaacha kusikiliza taarifa ya habari. Anasema unakaa karakanani umezima kila kitu. Nimemjibu kwamba sijui. Umenifundisha uongo ukubwani.

Kwa kuwa hukujibu, nilikwenda kwa mwenye majibu. Waliofanya kongamano wana kikundi kinachokutana maktaba Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nilimkuta amekaa mwisho wa meza, amevua viatu chini yake kama mtu aliye kwake.

"Wewe ndiye wa vifungo," akasema kabla sijakaa.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unanikatia karatasi kwa mkasi wa mama yako. Ulikuwa na miaka sita. Ulikuwa unazikata upande."

Nilimtambua kwa maneno hayo, si kwa sura. Mkaza mjomba. Mke wako. Miaka yote hii nilidhani yuko nchi nyingine au amekufa. Nikamwambia tuliambiwa alitoroka na mwalimu.

Akauliza, "Mwalimu wa somo gani?"

Nikasema sijui, hatukuambiwa somo.

"Hakukuwa na mwalimu," akasema. "Kulikuwa na madaftari matatu. Kazi ya miaka mitano, naandika kila nikimaliza vyombo. Nilirudi nyumbani nikakuta jivu jikoni. Mjomba wako amesimama mlangoni, mikono ina mafuta ya mashine. Akaniambia kwa mdomo wake, nimeyachoma. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, basi tu. Nikagusa jivu, lilikuwa limeshapoa. Nikatoka na nguo nilizovaa. Mtu aliyechoma unaweza kukaa naye mkagombana. Mtu wa basi tu unakaa naye vipi?"

Hadithi ya mtoto kwenye redio ilikuwa katika daftari la tatu. Ilimchukua miaka mingi kuikumbuka tena.

Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, kwa vitabu vya maelezo ya redio. Nilikuwa nakuona mtu mwema kuliko wote niliowajua. Niambie ni uongo, au niambie kwa nini.

Mpwa wako

1 Desemba

Mwanangu,

Tu wazima.

Ni kweli. Niliyachoma. Nilikuwa kijana, nilikuwa na wivu wa muda aliokuwa akiyapa. Ameeleza vizuri kuliko ninavyoweza. Sina la kuongeza, na nakuomba usiniulize tena. Yaliyopita si ndwele.

Mama yako anakusalimu.

Mjomba wako

20 Desemba

Mjomba,

Shikamoo. Pamoja na barua hii nimetuma kitabu cha Mawimbi. Yeye hajui nimekutumia.

Nilipopata barua yako nililia, kisha nikaipasua, kisha nikaiunganisha kwa gundi, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinanikera ndani yake. Kazi yangu ni kupima maji, Mjomba. Nikiletewa chupa na mtu ananiambia haraka haraka ni safi, au haraka haraka ni chafu, naipima mara mbili.

Wewe hujawahi kutupa skrubu. Una debe la vifuniko vya betri vya redio ambazo hazitengenezwi tena. Ulinichapa mara moja tu maishani, nilipochana karatasi ya maelezo ya redio ambayo mwenyewe alishafariki. Na mtu huyo ndiye aliyechukua madaftari matatu yaliyojaa mwandiko akatia motoni kwa wivu?

Na jivu lilikuwa limepoa. Wewe ulikuwa na mafuta mikononi, maana yake umetoka karakanani muda huo huo. Jivu lililopoa ni la tangu mchana. Mchana wewe hukuwepo. Mkeo hakuwepo. Mimi nilikuwa shule.

Sithubutu kuandika nani alibaki. Naandika tu kwamba najua kuhesabu watu wa nyumba yetu.

Kitabu msomee mama. Anza ukurasa wa kwanza, usiruke.

Mpwa wako

28 Januari

Mwanangu,

Tumeuanza mwaka. Kona ya karakana imezibwa.

Kitabu kilikaa kwenye rafu wiki tatu, nyuma ya redio. Mama yako haoni lakini si kiziwi. Kila alipouliza Mdadisi ametuma nini, nilisema kalenda. Jumatatu akasema, "Basi nisomee hiyo kalenda." Nikaleta.

Nilisoma asubuhi hiyo mpaka pale mtoto anapoita kwenye redio, anasema, mama, macho ya shati langu yamedondoka. Mama yako akanyoosha mkono akaufunika ukurasa. "Inatosha," akasema. "Hapa ndipo nilipofika na mimi."

Ameniamuru niandike maneno yafuatayo kama anavyoyasema, nisipunguze, na nikimaliza jirani atamsomea kuhakikisha, kwa kuwa haniamini tena.

"Mwanangu. Nilikuwa nimemzika kaka yako miezi saba. Tulikuwa tunaishi kwa mjomba wako kwa sababu baba yako alikuwa kazini mbali, hata mazishi hakuyawahi. Niliingia chumbani kwa wifi kutafuta mkasi, nikakuta daftari liko wazi. Nikasoma. Mtoto wangu alikuwa ndani, anaongea. Niliona wifi ananicheka, kwamba nimezaa mtoto wa kuandikwa hadithi. Au niliona amemkamata mahali na hataki kunirudishia, sijui, akili haikuwa yangu. Nikayabeba yote matatu nikatia jikoni. Mawili hata sikuyafungua. Mjomba wako aliporudi alinikuta nimekaa sakafuni. Akasema nenda kajilaze. Nikiwa kitandani nikamsikia akimwambia mkewe, ni mimi. Ningeweza kutoka. Mlango ulikuwa hatua nne. Nilikaa pale pale, na kila mwaka nikajiambia mwakani nitasema. Usimlaumu yeye. Basi."

Hayo ni yake. Yangu ni machache. Niliogopa kwamba neno moja zaidi la lawama lingemmaliza. Alikuwa hali chakula, mwanangu. Nilidhani mke wangu angenikasirikia mimi siku mbili tatu, kisha ningemweleza polepole. Hakungoja siku mbili.

Fundi

9 Februari

Mjomba, na mama unayesomewa,

Shikamooni. Nimemwomba mume wangu akae na mtoto, nikaenda kutembea mpaka viatu vikaniuma.

Sijamwambia Mawimbi kitu. Si langu kusema. Ila kongamano la mwaka huu halifanyiki huku. Linafanyika mji ulio karibu nanyi, asubuhi moja tu kwa basi, wiki ya tatu ya Machi, na jina lake liko kwenye ratiba. Nikiomba ruhusa naweza kuja tukaenda wote watatu. Nijibuni.

Mdadisi

27 Machi

Mwanangu,

Hatukukujibu kwa sababu mama yako alisema, "Asije, hili ni letu." Usinune. Nakuandikia yote, na safari hii hakuna anayenihakiki.

Tulikwenda. Mlangoni tulivikwa vitambulisho vilivyoandikwa "mgeni". Nilishika mkoba wa mama yako kwa mikono miwili, maana watu wale siwaelewi. Mmoja amejipaka fedha mwili mzima, akaniuliza kwa adabu kama mimi natoka wakati gani. Nikamwambia natoka nyumbani. Akafurahi sana, sijui kwa nini. Mama yako akawa ananiuliza kila hatua, "Huyo aliyepita amevaa nini?" Nilipomwambia ana mkia, akasema, "Wa kitambaa gani?" Alipanga kuushika.

Jopo lilikuwa la watu watatu, mada yake ni sauti za waliokwenda mbali. Tulikaa safu ya mwisho. Kipaza sauti kilikuwa kinanguruma, waya wa ardhini umelegea, dakika tano za kazi, nikajizuia. Kisha akaingia. Amenenepa kidogo. Mvi amezikata fupi. Alizungumza vizuri, watu wakacheka pale alipotaka wacheke, na mimi niliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, nami nilivaa makubazi.

Wakati wa maswali mama yako alisimama kabla sijamshika. Kijana wa kike mwenye kipaza sauti akamletea.

"Sina swali," mama yako akasema.

Mwendeshaji akasema kwa upole, "Mama, tunaomba maswali tu, muda ni mdogo."

"Basi nauliza. Madaftari matatu aliyachoma nani?"

Wengine walidhani ni sehemu ya hadithi, niliona mmoja akiandika. Mke wangu, naandika hivyo kwa mazoea, alisimama polepole. Akasema, "Wifi?"

"Ni mimi, wifi," mama yako akasema. "Alikudanganya. Nilichoma mimi."

Alishuka jukwaani, akawaacha wenzake wawili wakitazamana, akaja mpaka safu ya mwisho. Hakunitazama. Alimshika mama yako mkono akamwuliza, "Ulisoma mpaka wapi?"

"Mpaka alipoita."

"Hukufika, basi."

Akamtoa nje, wakakaa kwenye viti vya ukumbini karibu na meza ya chai, akafungua kitabu akamsomea mwisho wa hadithi. Mimi nilisimama mbali na mkoba. Sikusikia. Niliona mama yako ameinamisha kichwa, kisha akaweka kitambaa machoni, kisha akauliza jambo, akajibiwa, na wote wawili wakacheka kicheko kidogo cha watu wa msibani. Mwisho wa hadithi sijausoma. Usiniandikie.

Baada ya hapo alinijia. Nilikuwa nimetayarisha maneno kwenye basi, yeye akatangulia.

Akasema, "Yeye alikuwa na msiba, alichoma karatasi. Karatasi nimeziandika upya. Wewe ulikuwa na akili zako timamu. Ulipima, mke au dada, ukanitoa mimi. Hukuniuliza kama ningeweza kumsamehe. Ningemsamehe siku ile ile."

Nikasema, "Sikujua."

"Hukuuliza. Na mwalimu ametoka wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba mwalimu nilimtunga mimi, kwa sababu watu walikuwa wanauliza ameenda wapi, na nilitaka jibu ambalo hawataliuliza mara ya pili.

"Kumbe na wewe mtunzi," akasema. Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka.

Nilimwuliza kama naweza kumwandikia. Watu walikuwa wakipita na vitabu wakitaka saini yake. Akasema, "Andika. Siahidi kusoma."

Njiani mama yako alilala kwenye bega langu kama mtoto. Tangu tumerudi anakula, anaongea na kila anayepita, na amelifukuza debe langu la vifuniko kwenye chumba chake. Mimi nimekaa siku nne kuandika kurasa mbili. Nilianza kwa kujieleza, nikachana. Nikaanza kwa kumsifia kitabu, nikachana, maana sijakimaliza. Mwisho nimeandika tu jinsi siku ile ilivyokuwa tangu nilipofunga karakana mpaka nilipomwona akipinda kona ya njia na sikumkimbilia. Leo nimeipeleka posta mwenyewe.

Ukimkuta maktaba, msalimie kwa ajili yako, si yangu. Usimwulize kama imefika.

Mjomba wako,
Fundi